Kama Mwaka Jana

Kumb. Na. MJ/MAS/1
7 Septemba

Kwako mpwa wangu Maswali,

Nakusalimu mara mbili, maana nchi uliyoko ni mbali na salamu moja inaweza kupotea njiani. Sisi tuko wazima. Bibi yako goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Tangu uondoke, kila asubuhi ananiuliza kama umekula. Nikisema umekula, ananiuliza umekula nini. Nimekubunia vyakula mpaka nimeishiwa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile karatasi uliyoiacha mezani nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa miwani. Shahada mbili za uzamili! Kwa miaka miwili! Vyuo vikuu viwili, nchi mbili! Nilishtuka nikarudi nyuma nikajikalisha kwenye kiti, na kiti kilikuwa na Bibi ndani yake. Mwanangu, katika ukoo wetu msomi mkubwa mpaka mwezi uliopita nilikuwa mimi, na mimi nina kozi ya miezi tisa ya utunzaji wa majalada. Leo mtoto niliyemfundisha kuandika moja mpaka kumi juu ya mgongo wa faili kuukuu anakwenda kubeba shahada mbili kwa mpigo. Makubwa haya.

Na hizo sera za umma ni kitu gani hasa? Bibi amewatangazia majirani kwamba unasomea uwaziri. Sikumkanusha, maana sina jibu la kumpa.

Najua utasema, Mjomba, si unipigie simu? Simu ni ya kuulizana umefika. Mambo ya maana yanaandikwa, yanawekwa tarehe na namba. Miaka thelathini na moja ya masijala imenifundisha kwamba jambo lisilo na tarehe halikutokea. Kwa hiyo nimekufungulia faili, na hii ni barua namba moja. Usinichafulie faili langu kwa kukaa kimya.

Mjomba wako,
Karani wa Masijala


29 Septemba

Mjomba wangu, karani wa makarani,

Shikamoo. Mpe na Bibi shikamoo yake, na umwambie nimekula. Usimwambie nini, atalia.

Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe una dirisha linalonitazama mimi. Meza ni finyu, lakini barua yako imepata nafasi. Nimeibandika ukutani mbele ya macho yangu. Wenzangu wanadhani ni hati ya serikali, kwa ile kumbukumbu namba na mhuri wa tarehe. Hivi mhuri ule uliutoa nyumbani au ofisini? Usijibu.

Unauliza sera za umma ni nini. Ni hivi: mtu akiamua barabara ipite wapi, shule ifunguliwe wapi, hospitali ipi ipewe daktari, anaamua kwa kutazama nini? Hicho ndicho tunachosoma. Mwaka huu niko hapa. Mwaka wa pili tunahamishiwa chuo cha pili, nchi nyingine, huko naandika tasnifu, na mwisho kila chuo kinanipa cheti chake. Sharti ni moja: kabla ya Machi kwisha niwe nimepeleka mada ya tasnifu na wameikubali. Bila mada hakuna mwaka wa pili, na bila mwaka wa pili narudi nyumbani na nusu ya kila kitu.

Kila wiki mwalimu wetu anatugawia kisa. Ni bunda la karatasi za kweli kutoka mahali fulani duniani, majina yamefutwa kwa wino mweusi, nasi tunaamua kama sisi ndio wakubwa wa nchi. Wiki iliyopita nimefunga kiwanda cha sukari kabla ya chai. Mwambie Bibi uwaziri unakuja.

Mpwa wako,
Maswali


Kumb. Na. MJ/MAS/2
20 Oktoba

Kwako Waziri Mtarajiwa,

Salamu. Bibi hajambo, goti ni lile lile. Paa la jikoni lilivuja, nimeliziba. Mhuri ni wangu, nilinunua.

Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti. Nilifika kwenye kiwanda cha sukari, mkuu wa ofisi akasogeza kikombe chake mbali nami. Wote wamebaki midomo wazi kwamba kumbe huko wanasoma karatasi zetu! Nimewaambia, mnaona? Mlidhani fomu mnazojaza zinakwenda kuozea wapi?

Na mimi nina habari. Aprili mwisho nastaafu. Mkuu amefukua kumbukumbu akakuta kwamba katika miaka yangu yote, taarifa za mwaka za wilaya hazijawahi kuchelewa hata siku moja. Hata moja, Maswali! Mvua, mafuriko, madaraja kusombwa, taarifa yangu iko mezani kwa wakubwa tarehe ya mwisho, saa nane mchana. Watanipa cheti chenye fremu, kimeandikwa "Hakuwahi Kuchelewa". Bibi ameshatafuta msumari wa kukitundikia. Wewe utaleta viwili, mimi changu kimoja, ukuta utajaa.

Mjomba wako


18 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Nawaombea uzima. Goti la Bibi likandwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni.

Sijui niandike vipi. Tangu juzi nimechana karatasi nne.

Jumanne tulipewa kisa kipya. Wilaya moja, jina limefutwa. Mto, daraja la miguu, na ng'ambo yake zahanati moja yenye muuguzi mmoja. Miaka ishirini iliyopita zahanati ile ilifungwa kwa sababu idadi ya akina mama waliokuwa wakihudumiwa haikuongezeka. Mwalimu akatuonyesha ukutani picha za fomu zenyewe, zilizoandikwa kwa mkono, zilizokusanywa na wafadhili waliokuwa wakitoa dawa. Mwaka wa kwanza, akina mama 177. Mwaka wa pili, 177. Wa tatu, 177. Wa nne, 177.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Mnacheka nini? Kuna mtu alikaa mezani akaiandika hiyo. Mngemwambia nini?" Mmoja akajibu, "Apewe hongera, ameweza kuzuia watu wasizaane!" Wakacheka tena. Na mimi nilicheka, Mjomba. Nisamehe, na mimi nilicheka.

Kisha mwenzangu niliyekaa naye akatazama daftari langu, akatazama ukutani, akatazama tena daftari. Akasema, "Ala! Mbona saba zako ni kama hizo?"

Nikatazama. Saba zenye mkanda kiunoni na kijimkia chini kinachopinda kushoto. Sijaona mtu mwingine duniani anayeandika saba namna hiyo isipokuwa mimi na aliyenifundisha. Nilitoka darasani bila mkoba, nikaja chumbani nikasimama mbele ya barua yako ya ukutani. "7 Septemba." Ni ile ile.

Niambie sio wewe. Niambie sio zahanati yetu. Mwaka ule nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka Mama alikuwa na tumbo kubwa, nakumbuka zahanati ilikuwa na kufuli, watoto tulikuwa tukichezea barazani. Halafu siku moja Mama akapakiwa kwenye gari la mchanga kupelekwa hospitali ya mjini, na hakurudi yeye wala mtoto. Kila mwaka tarehe ile nilikuuliza ilikuwaje, na kila mwaka ulinijibu neno kwa neno: "Siku yake ilikuwa imefika, mwanangu."

Nijibu upesi.

Maswali


Kumb. Na. MJ/MAS/3
Saba Desemba

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Natumaini baridi ya huko haijakuzidi. Huku mvua zimeanza. Paa la jikoni limevuja tena, mahali pengine. Bibi amekandwa kwa maji ya moto, anasema goti limepata nafuu lakini sasa ni bega. Jirani fundi cherehani amepata mapacha. Mbwa wake amekufa.

Kuhusu ulichoandika. Watu wengi huandika saba yenye mkanda. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni sisi wa zamani. Na zahanati zilizofungwa mwaka ule zilikuwa nyingi. Mtu akikaa mbali na nyumbani, mawazo humchezea. Soma, mwanangu, lala mapema.

Bibi anakusalimu. Sikumsomea barua yako.

Mjomba wako


2 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka. Nimefurahi kwa mapacha, pole kwa mbwa.

Umeandika tarehe kwa maneno. Wewe, uliyenipiga kofi la mkono nilipokuwa darasa la pili kwa kuandika tarehe kwa maneno! Barua nzima, ukurasa na nusu, haina tarakimu saba hata moja. Hata namba ya simu ya jirani uliyoiandika nyuma ya bahasha umeikatisha katikati.

Mwalimu amejua kilichonipata, maana ilibidi nieleze kwa nini nilitoka. Ameniita ofisini kwake. Ananiambia chuo cha pili kinahifadhi bunda zima la kisa kile, masanduku kumi na mawili, hakuna aliyewahi kuyafanyia kazi. "Chukua hiyo iwe tasnifu yako," ananiambia. "Nani mwingine atauliza maswali utakayouliza wewe?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia nasubiri barua.

Sikuombi maelezo. Niandikie neno moja tu, "hapana", nami nitaliamini, na nitachagua kisa cha sukari. Wewe ndiye uliyenilea. Nisipokuamini wewe nimwamini nani?

Maswali


Kumb. Na. MJ/MAS/5
26 Februari

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Samahani kwa kukawia. Bibi alilazwa wiki mbili, kifua, sasa yuko nyumbani na anamgombeza kila anayemletea uji. Sherehe ya kuniaga imepangwa tarehe 30 Aprili. Wameleta fremu. Ni ya mbao nzuri.

Chagua kisa kingine, mwanangu. Visa viko vingi duniani.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bibi apone.

Nilikuomba neno moja. Umenipa fremu.

Nimeziweka barua zako zote kitandani kwa mpangilio. Moja, mbili, tatu, tano. Mara ya kwanza nilidhani posta wameipoteza, nikakimbilia kuuliza mapokezi, wakatafuta kila kijishimo cha barua, hakuna. Halafu nikafikiri. Mtu ambaye hajawahi kuruka namba miaka thelathini na moja hakuruka. Namba nne uliiandika. Iko wapi? Umeificha wapi, kabati gani, faili gani?

Leo nimepeleka mada yangu. Nimechagua zahanati. Nililia nikisaini, lakini nimesaini. Mwezi wa tisa nitafungua masanduku kumi na mawili, na kitakachokuwamo nitakisoma. Ningependa nikisikie kwako kwanza.

Maswali


Kumb. Na. MJ/MAS/6
3 Mei

Kwako mpwa wangu Maswali,

Salamu. Ndani ya bahasha hii kuna barua namba nne. Ilikuwa kwenye kabati la chuma, pamoja na vitu vingine ninavyokutumia. Isome baada ya hii.

Nilimwambia Bibi kwanza, siku mbili kabla ya sherehe. Alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo karatasi ilichelewa siku ngapi?" Nikasema, siku nane, Mama. Akaiweka sinia chini, taratibu, akaingia chumbani. Mpaka leo hajanisemesha. Chakula kikiwa tayari anamwambia fundi cherehani aniambie. Ule msumari ameung'oa ukutani mwenyewe, na bega lake lile.

Kwenye sherehe mkuu alisoma maneno mazuri, akaniita mbele kupokea cheti. Nilikishika. Nikasema, "Taarifa zangu hazikuchelewa kwa sababu fomu zisipofika nilikuwa natunga." Mkuu alicheka, alidhani ni utani wangu wa kawaida. Nikawaeleza hadi mwisho, hadi dada yangu. Mtu mmoja alikuwa anafungua soda, akabaki ameshika kifuniko. Nilitazama makarani wenzangu wa wilaya nyingine, mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alitazama viatu vyake. Ndipo niliposhtuka mara ya pili, mwanangu. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayelala na jambo hili.

Cheti nimekirudisha mezani.

Mjomba wako


Kumb. Na. MJ/MAS/4
12 Januari

Maswali,

Ni mimi. Saba ni zangu.

Mwaka wa kwanza 177 ilikuwa kweli, muuguzi alihesabu. Mwaka wa pili mto ulijaa, fomu ya ng'ambo haikufika, na tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Mkubwa wangu wa wakati ule akaniambia, "Jaza kama mwaka jana." Kila mtu alikuwa anajaza hivyo, na mwaka wa tatu nikarudia. Tuliandika kwa penseli pembeni, K.M.J., halafu tukafuta. Fomu ya kweli ikifika, ulitakiwa upeleke masahihisho. Lakini masahihisho yalihesabiwa kuwa ni kuchelewa. Na mimi nilikuwa sichelewi.

Mwaka wa nne fomu ilifika siku nane baada ya tarehe. Muuguzi aliivusha mwenyewe, kaifunga kwa nailoni, sketi imelowa mpaka kiunoni. Nilimshukuru. Alipotoka niliifungua. Akina mama 312. Nilishtuka, nikaiangalia tena, nikaitia kabatini nikageuza ufunguo.

Miezi mitatu baadaye ikaja amri ya kufunga. Muuguzi alikuja ofisini, ananiuliza, "Karani, si niliwaletea hesabu?" Nikamwambia wakubwa wana sababu zao. Miezi mitano baadaye mama yako akashikwa na uchungu. Kutoka nyumbani hadi zahanati ni mwendo wa kumaliza chungwa. Kutoka nyumbani hadi mjini ilikuwa saa nne, na mimi ndiye niliyepanda naye gari. Ya njiani siwezi kuyaandika.

Sikukulea kwa wema, watu husema hivyo lakini si kweli. Kila nilipokutazama nilikuwa naiona ile fomu. Halafu nikakupenda, na hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi.

Nimeisoma barua hii. Sidhani nitaituma.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu mkono umezoea. Sijui bado kama nimesamehe, na sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Bibi nimempigia, tumelia wote wawili, kisha akaniuliza nimekula nini.

Fomu zimefika, zote, na ile ya nailoni. Mwandiko wa muuguzi ni mdogo na umenyooka. Mwalimu alipoiona 312 alivua miwani, akatembea hadi dirishani. Ameniambia niandike "karani mmoja". Nimemwambia hapana. Nitaandika "mjomba wangu", kwa sababu wale waliokuwa wanacheka darasani, mimi nikiwamo, tulidhani aliyeandika 177 ni mtu asiyekuwa na ndugu ng'ambo ya mto.

Nimetengeneza upya jedwali la zahanati. Nimefuta 177 zote za kutunga, nikaweka hesabu za muuguzi, na mwaka wa nne ni 312. Mwaka wa tano hauna fomu, maana hapakuwa na zahanati ya kuijaza. Chuo kimeniambia mstari usio na takwimu niuache wazi. Sikuuacha. Nimeandika: mama mmoja, mtoto mmoja.

Imebaki sehemu moja siwezi kuijaza, ni wewe tu. Zile saa nne njiani. Alisema nini? Alikuwa ameshika nini? Aliniulizia? Miaka ishirini nimekuuliza, na miaka ishirini umenipa sentensi ile ile.

Niandikie. Sikupi tarehe ya mwisho. Chelewa utakavyo, Mjomba, chelewa hata mwaka, ila usinijazie kama mwaka jana.

Maswali